Chupa Namba Thelathini na Moja

Jumatatu, 2 Machi. Joto 37. Mvua tangu alfajiri.

Daftari hili lilikuwa linakwenda kutupwa. Kila ukurasa una safu tatu, tarehe, joto, saini, na jalada limemwagikiwa chai. Ni la kuandikia joto la kabati kila asubuhi. Limeletwa jipya, nami nikaomba hili kuukuu.

"La nini?" akauliza Bwana Saa, mtaalamu wa maabara. Tunamwita hivyo kwa sababu haitikii salamu kabla hajatazama saa yake.

"La kuwashia jiko."

"Hilo sawa. Nilidhani unataka kuandika."

Nataka kuandika. Shule niliiachia darasa la sita, lakini herufi hazikuniacha. Nitaanza kila siku na joto, kama daftari linavyotaka. Saini nitaiacha, kwa sababu hapa ndani jina langu lina jambo nyuma yake.

Kazi yangu ni kuosha vyombo vya kioo, kuvichemsha kwenye mashine ya mvuke, kumwagia klorini kila kilichokuwa hai kabla hakijatupwa, na kupiga deki. Chumba cha ndani kuna kabati la joto. Ndani yake zimelala chupa bapa za plastiki, kila moja ina maji ya rangi ya waridi, na chini ya maji hayo zimeshikamana seli za watu. Wenyewe wako mbali, wengine hawajui hata mji huu uko wapi. Seli zao zinakula, zinakua, zinagawanyika, nyuzi thelathini na saba, joto la mwili wa mtu mzima asiye na homa.

Chupa namba thelathini na moja ni binti yangu.

Jumanne, 3 Machi. Joto 37. Mvua.

Nimeosha chupa mia na arobaini. Mgongo unauma.

Ijumaa, 6 Machi. Joto 37. Mvua haijakata.

Mpaka rangi ninayekaa naye chumba kimoja analala tangu Jumatano. Ukuta uliolowa haupakwi. "Mvua hii ina ugomvi na mimi binafsi," anasema, uso ukiwa ukutani.

Mimi naiombea iendelee. Sikumwambia sababu.

Sababu ni hii. Binti yangu ana miaka tisa. Jua likimgusa, ngozi inawaka kama aliyemwagikiwa uji, na ikipoa inaacha madoa. Uso wake una madoa mengi kuliko miaka yake. Shuleni walimwita Madoa, nikaona bora nimpe jina mimi mwenyewe, nikamwita Kidoti. Mwaka jana zahanati ya kwetu walimkata kipande cha ngozi mkononi, upande wa ndani karibu na kiwiko, kidogo kama punje ya dengu. Wakakitia katika kichupa, wakakituma huku, wakatuandikia namba kwenye karatasi: thelathini na moja. Basi. Miezi minne hakuna jibu.

Mimi nilikuwa mji huu huu, kwenye genge la kubomoa nyumba. Kazi ilipoisha nilikuja kwenye lango la jengo hili nikauliza kama kuna kazi yoyote. Yoyote. Siku ya kwanza Bwana Saa akanisomea masharti: usile humu, usiguse usichoambiwa, na ndugu wa mgonjwa haruhusiwi kuingia chumba cha seli. Nikaitikia yote matatu.

Mvua ikiwepo, mawingu yapo, na Kidoti yuko nafuu. Mwezi wa tano mvua itakata na mahindi yatakuwa tayari kupaliliwa. Mama yangu mzazi, ndiye anayetawala nyumba ile, ameshasema: mtoto huyu amedhoofika kwa kufichwafichwa, safari hii ataingia shambani kama wenzake, jua limkomaze. Mke wangu anabishana naye kila siku. Aliniambia, "Baba Kidoti, niletee karatasi. Mama yako hasikii maneno. Anasikia karatasi yenye mhuri."

Kwa hiyo nasubiri karatasi, na naiombea mvua.

Jumatano, 11 Machi. Joto 37. Manyunyu.

Leo Daktari aliniita. Ni mama wa makamo, mfupi, anavaa kandambili ndani ya maabara kinyume cha masharti yake mwenyewe. "Njoo uone unachokioshea vyombo," akasema. Akatoa chupa moja kabatini na kuiweka chini ya hadubini. Sikuchagua mimi. Ilikuwa thelathini na moja.

Niliweka jicho. Zilikuwa ndefu, nyembamba, zimelala ubavu kwa ubavu kama watu wengi katika chumba kisicho na kitanda. Moja ilikuwa imejikunja kuwa duara, inang'aa.

"Hiyo inajigawa," Daktari akasema. "Ukirudi baada ya chakula zitakuwa mbili."

"Zinajua ni za nani?"

"Hazijui kitu, baba. Chupa ikijaa tunazigawa kwenye nyingine, namba ile ile. Mwenyewe ale, alale, hata afe, hizi zinaendelea tu."

Alisema kama mtu anavyosema nje kuna tope. Nilirudi baada ya chakula. Zilikuwa mbili.

Jumamosi, 14 Machi. Joto 37. Mvua.

Nimeongea na Kidoti kwa simu. Ameniuliza, "Baba, unafanya kazi gani sasa?" Nikamwambia naosha chupa. "Chupa za nani?" Nikamwambia za watu. Akasema, "Za watu zioshe vizuri."

Jumatano, 18 Machi. Joto 37. Mvua kubwa.

Leo waliichoma thelathini na moja.

Ndiyo kazi yao, si ubaya. Wana taa inayotoa ile sehemu ya jua inayounguza, ambayo jicho halioni. Kwanza wanaziwekea seli karatasi nyembamba yenye matundu madogo sana, ili mwanga upenye nukta nukta, kisha wanawasha. Wanataka kuona kila nukta iliyoungua itachukua muda gani kupona. Nilikuwa nimesimama na deki mlangoni. Taa ilitoa mlio mwembamba kama mbu. Saa nne na dakika kumi, Bwana Saa alitaja kwa sauti.

Jioni mke wangu akapiga simu. "Mtoto amerudishwa kutoka shule. Mkono unamwasha, analia. Pale pale walipomkata."

"Tangu saa ngapi?"

"Mapumziko ya kwanza. Saa nne na kitu."

"Alikuwa juani?"

"Jua gani, Baba Kidoti? Huku tumeamkiwa na mvua."

Nimeandika kama ilivyokuwa. Sijaongeza kitu.

Alhamisi, 19 Machi. Joto 37.

Nimelisimamia kabati mpaka Bwana Saa akaniuliza kama nasubiri basi.

Jumanne, 24 Machi. Joto 37. Mvua asubuhi, mchana mawingu.

Daktari hula chakula chake kwenye ngazi za nyuma, nami huketi ngazi mbili chini yake. Leo nilimuuliza kinachotafutwa ni nini hasa. Nilijifanya mtu anayependa tu kujua.

Akasema ndani ya kila seli kuna uzi mrefu, DNA, ndio maagizo yote ya mwili. Uzi huo unajeruhiwa kila siku, maelfu ya mara, kwa jua, kwa moshi, kwa kuishi tu. Na mafundi wapo humo humo, ni protini, wanazunguka. "Tatizo la fundi ni lile lile la hapa duniani," akasema. "Hajui paa la nani linavuja mpaka aitwe."

"Anaitwaje?"

"Kuna protini moja ndogo mno. Jina lake refu, lakini maana yake ni kitu kilicho kila mahali. Palipo na jeraha, hiyo inachukuliwa na kubandikwa juu ya protini nyingine iliyo jirani. Ile iliyobandikwa inabadilika. Ilikuwa kimya, sasa inasikika. Fundi anaifuata, anakata sehemu mbovu, anajaza mpya. Akimaliza, alama inabanduliwa."

"Kama mhuri."

"Kama mhuri." Alitafuna kidogo. "Sasa sikia kituko chenyewe. Mhuri huo huo, ukifungwa mnyororo wa namna nyingine, unasema kinyume. Unasema: hiki kibomolewe."

"Mhuri mmoja?"

"Huo huo. Tofauti ni namna ulivyofungwa tu."

Nikamweleza kuhusu genge letu. Tulikuwa tukifika mtaa, kila nyumba yenye X nyekundu ukutani ni yetu. Hatukuuliza. Wenyewe walikuwa wanaifuta kwa maji na sabuni, wanaipaka chokaa juu, na X inarudi kutokeza kama doa la mafuta. Aliyekuwa akizipiga ndiye huyu ninayeishi naye, mpaka rangi. Husema, "Nimepiga X nyumba mia mbili, haijapona hata moja."

Daktari alicheka, kisha akaacha, akanitazama mikono.

Jumatatu, 30 Machi. Joto 37. Mvua.

Hakuna jambo.

Ijumaa, 3 Aprili.

Joto sikuandika. Naandika Jumamosi asubuhi.

Daktari alisafiri juzi, anarudi Jumanne. Kabla hajaondoka aliziwekea alama chupa za kushughulikiwa. Kalamu yake ya buluu ilikuwa imekauka, akachukua nyekundu. Mimi sikuwepo alipoeleza. Jana mchana Bwana Saa akatoa chupa nne kabatini, akaziweka kwenye toroli langu kwa sababu meza yake ilikuwa imejaa, akatazama saa, akaenda kupokea mzigo langoni.

Nikaingia na ndoo yangu. Toroli ni langu, kila kilicho juu yake ni cha kuuawa, ndivyo ilivyokuwa miezi yote. Na kila chupa ilikuwa na X nyekundu.

Mikono yangu ilisoma kabla ya macho. Nikafungua ya kwanza, nikamimina klorini. Ya pili. Ya tatu. Maji ya waridi yalipauka yakawa kama maji ya kuoshea mchele, kisha yakawa hayana rangi. Ni ya nne nilipoigeuza kuifunga ndipo nikaona ubavuni: 31. Nikazigeuza zile nyingine. 31. 31. 31.

Nilisimama nazo mpaka Bwana Saa akarudi.

"Chupa ziko wapi?"

"Hizi."

"Umefanya nini?"

"Zilikuwa na X."

"X maana yake zihudumiwe! Zibadilishiwe chakula! Hizo ndizo za Jumanne!"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na nani aliyekuambia umwage?"

Kisha akafanya kitu ambacho nitakumbuka. Alitazama saa yake, akaitaja polepole, kama daktari anavyotaja saa ya kufa kando ya kitanda. "Saa tisa na dakika ishirini." Akaiandika kwenye daftari jipya.

Nikatoka nje kwenye mvua, nikampigia mke wangu. Namba unayopiga haipatikani.

Jumamosi, 4 Aprili. Mvua.

Haipatikani.

Jumapili, 5 Aprili. Mvua.

Nimepiga mara kumi na tisa. Nimempigia jirani yetu mwenye duka, naye haipatikani.

Mpaka rangi ameniambia, "Mvua imeangusha mnara, ndugu yangu, basi. Unaipiga simu kama unaitia mbolea. Kwani umeua mtu?"

Nikaigeuza simu kifudifudi. Akakaa kitandani. Akanitazama, kisha akainuka akanichemshia chai, mtu ambaye tangu nimjue hajawahi kumchemshia mtu chai.

Jumatatu, 6 Aprili. Joto 37.

Nafasi ya thelathini na moja kabatini ni tupu. Chupa za jirani zimeachwa vilevile, hakuna aliyezisogeza. Nilipofungua mlango nilisikia hewa ya joto usoni, kama pumzi ya mtu anayetaka kusema.

Haipatikani.

Jumanne, 7 Aprili. Joto 37. Mvua.

Daktari amerudi. Bwana Saa alikuwa ameshamwambia. Alinikuta kwenye sinki.

"Ni kosa langu," akasema. "Kalamu ilikuwa nyekundu na sikuandika maelezo. Wewe ulishanieleza kuhusu X, nami nikacheka. Lakini nataka nikuulize kitu. Bwana Saa anasema ulilia. Mtu halii kwa chupa."

Nikamwambia yote. Nilisema nikiwa nimeshika glasi yenye sabuni, na nilipofika mwisho glasi ilikuwa imekauka mkononi. Nilisema: mimi ni baba yake. Najua masharti. Nifukuzeni, lakini kwanza mniambie kitu kimoja.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mlisema ndugu haruhusiwi."

"Ndugu haruhusiwi ili asijue jina la mgonjwa. Wewe jina ulimpa mwenyewe." Hakucheka. "Uliza."

"Daktari, ukiziua seli za mtu zilizo huku, mtu mwenyewe aliye kule..."

"Hapana."

"Hapana kabisa?"

"Hapana kabisa." Akavua miwani, akaifuta kwa koti. "Umempigia simu?"

"Haipatikani tangu Ijumaa."

Akaivaa miwani, akaivua tena.

Kisha akanipeleka kwenye chumba cha mwisho, penye tangi la nitrojeni, refu kama pipa la lami. Alipofungua, moshi mweupe ukatoka ukatambaa sakafuni ukatupita miguuni. Mle ndani, akasema, mwaka jana zilihifadhiwa neli mbili ndogo za binti yangu, kila moja kubwa kama kidole cha mtoto. "Ziko katika baridi ambayo hakuna kinachotokea. Hazijafa, haziishi. Nitaamsha moja. Wakati mwingine zinakataa. Zikikataa, imebaki moja tu."

"Na zikikataa zote?"

"Tutamkata tena mtoto, tutasubiri tena miezi. Mvua yenu inakata lini?"

"Mwezi wa tano mwanzoni."

"Basi zisikatae," akasema.

Jumatano, 8 Aprili. Joto 37. Mvua.

Simu imeita! Mnara ulianguka kweli.

"Kidoti yuko wapi?"

"Yupo hapa, anakula. Mbona unapiga kelele?"

Nikakaa chini ukumbini, mgongo ukutani. Mke wangu akaendelea, sauti ikashuka. "Ila Ijumaa alinitisha. Alirudi shule akalala mchana, nikamwamsha tisa na nusu, hakuamka. Bibi yake akamwamsha. Hana homa, anapumua vizuri, lakini haamki. Mpaka Jumamosi jua linachomoza. Alipoamka akaomba maji tu, akanywa kata nzima."

"Alisema kitu?"

"Alisema hakuota chochote. Eti palikuwa peupe."

Nimemweleza Daktari. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema watoto hulala, hasa siku za mvua. Kisha akaniuliza tena ilikuwa saa ngapi.

Alhamisi, 9 Aprili. Joto 37.

Saa tano Daktari ameiamsha neli ya kwanza. Ameniruhusu nisimame karibu. Iliyeyuka katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa kuhesabu hadi tisini.

Leo sikupiga simu nyumbani. Sitaki kujua saa tano alikuwa anafanya nini.

Ijumaa, 10 Aprili. Joto 37.

Zinaelea. Daktari amesema seli hai hushuka zikashika sakafu ya chupa. Hizi zinaelea.

Jumamosi, 11 Aprili. Joto 37. Mvua ndogo.

Zinaelea. Bwana Saa amekuja kazini siku yake ya mapumziko. Hakusema ni kwa nini. Amebadilisha maji, amekaa na hadubini mpaka saa nane, na sikumwona akitazama mkono wake hata mara moja. Alipotoka akaniambia, "Tatu zimeshika."

"Tatu elfu?"

"Tatu. Moja, mbili, tatu."

Alhamisi, 16 Aprili. Joto 37. Jua dakika chache, kisha mvua.

Zilizokuwa zinaelea nazo zimeshika, zimejaa nusu ya chupa. Zimelala ubavu kwa ubavu kama zamani. Kwenye chupa mpya Daktari ameandika namba kwa buluu, na chini yake maneno kwa herufi kubwa: BABA, HII USIMWAGE. Mpaka rangi nilipomsimulia alicheka akajipiga paja. "Ningekuwa na maandishi hayo kwenye zile nyumba mia mbili!" Kisha akageukia ukuta.

Jumatano, 22 Aprili. Joto 37.

Wamezichoma tena. Nilikwenda kukaa nje ya jengo mpaka walipomaliza.

Jumatatu, 27 Aprili. Joto 37. Hakuna mvua.

Jua limetoka tangu asubuhi. Watu mtaani wanacheka, wanaanika magodoro. Mimi niliona kivuli changu mwenyewe barabarani nikashtuka.

Mchana Daktari aliniita kwenye chumba cha giza. Alikuwa amezitia seli dawa mbili zinazong'aa: nyekundu inashika penye jeraha, kijani inashika penye ule mhuri. Kwanza alinionyesha za mtu mzima wa afya. Nusu saa baada ya kuchomwa: nukta nyekundu, na juu ya kila nyekundu kuna kijani, kama taa mbili zimewashwa dirisha moja. Baada ya siku nzima: giza safi. Kila kitu kimekarabatiwa na alama zimebanduliwa.

Kisha thelathini na moja. Nusu saa: nyekundu, nyekundu, nyekundu. Kijani hakuna. Baada ya siku nzima: nyekundu zile zile, pale pale. Ilikuwa kama kuutazama kwa mbali mji ambao watu wamehama na taa wameziacha zinawaka.

"Mafundi wapo?" nikauliza.

"Wapo wote. Nimewatafuta mmoja mmoja. Anayepiga mhuri ndiye hayupo. Wanazunguka tu, hawaitwi."

"Kuna dawa?"

"Ya kumrudishia huyo, hakuna. Sitakudanganya." Aliwasha taa ya chumba. "Lakini nisikilize. Ngozi isiyochomwa haihitaji fundi. Akikingwa na jua, jua lote, dirishani, mlangoni, kwenye matundu ya paa, na macho yake pia yakikingwa, anaweza kuzeeka. Akiingia shambani siku nzima, miaka michache tu, hayo madoa yatageuka kitu kingine."

Akaandika barua pale pale, akapiga mhuri wa idara. Nilipotoka nikampigia mke wangu. Akapokea akinong'ona. "Mama yako ametengeneza jembe dogo. Kesho wanaingia shambani, alfajiri."

Barua ingefika baada ya wiki. Nikarudi mbio kwa Daktari, simu mkononi, nikamwomba mke ampe mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usinianze. Mtoto anakwenda."

"Mama, majibu yametoka. Karatasi ninayo mkononi. Ina mhuri."

"Mhuri siuoni mimi."

"Nitakusomea."

"Kusoma hata redio inasoma."

Daktari alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote, kwa sababu mama yangu huongea na simu kama anavuka mto. Alichukua karatasi tupu, akaiweka mezani karibu na simu, akauinua ule mhuri wa chuma hadi begani, akaupiga. Meza ikaruka. Vioo vikalia rafuni.

Nikasikia mama akisogeza simu sikioni.

"Ndio huo?" mama akauliza.

"Ndio huo, mama."

"Apige tena."

Daktari akapiga tena.

"Nimesikia," mama yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina na asiyemjua. "Jembe nitampa jirani."

Jumamosi, 2 Mei. Joto 37. Jua kali.

Nimeomba ruhusa ya kuondoka. Paa letu ni la mabati yaliyonunuliwa yakiwa yametumika, yana matundu ya misumari ya watu wengine. Nimechosha macho kwa kuyatazama nikiwa nimelala, miaka. Sikujua nilikuwa natazama nini.

Nimemwambia mke wangu atafute chaki nyekundu, na mlango ufungwe, na mtoto akae ndani kwenye kona. Kila mahali jua litakapopenya, mama yake aweke alama, ili nikifika nijue pa kuziba.

Bwana Saa ameniuliza narudi lini. Nikamwambia sijui. Akasema, "Chukua muda wako." Hajawahi kutamka maneno hayo.

Jumamosi, 9 Mei.

Joto sijui. Kabati nimemkabidhi mwingine. Nilipolifunga mara ya mwisho niliweka kiganja kwenye mlango wake kidogo. Zitaendelea kugawanyika humo mimi nisipokuwepo, yeye asipokuwepo. Sijui nimeaga nini.

Basi linaondoka saa nane. Mpaka rangi amenipa kopo la lami na brashi mbili. "Nyekundu sikuwekei," akasema. "Umeiona vya kutosha." Akanibebea kopo hadi kituoni, na njia nzima alitembea upande wa jua ili mimi nitembee kivulini, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Nimepiga simu kutoka kituoni. Amepokea Kidoti mwenyewe.

"Baba, mama amenipa chaki nichore mimi. Jua likitua sakafuni nalizungushia. Lakini linahama. Nikimaliza kuchora duara, limetoka liko pembeni. Nalizungushia tena. Sasa nyumba nzima ina maduara, baba, na hayana kitu ndani."

"Umekaa kivulini?"

"Nachora kwa fimbo, chaki nimeifunga kwenye ncha. Jua halinifikii."

"Mangapi?"

"Nilihesabu nikaacha. Bibi anasema ni kama nyumba inataka kubomolewa."

"Mwambie bibi alama hizo zinasema kingine. Zinasema fundi aje."

Nilimsikia anapumua. Nyuma yake nilisikia mama yangu anaburuta kitu kizito kuelekea dirishani, kabati au meza, na jua likizibwa.

"Basi nimefanya sawa," akasema. "Moja nimejichora mkononi, pale waliponikata. Usije ukalikosa, baba. Anzia hapo."

Saini: Baba Kidoti.